Mama Célestine na Sahani ya Bure

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu hapa Kalemie, Mama Célestine Kabwe, mwalimu wa lishe, anastaafu tarehe 31 Julai. Alitoka Kiambi akiwa kijana, akaanza kama asistanti, akafika kuwa mkuu wa idara. Wanafunzi walimwogopa siku za mtihani tu. Sisi wenzake, tusidanganyane, tulimwogopa kila siku.

Kazi aliyoipigania kuliko zote ni kupima kama wanafunzi wanakula bila kuharibu mazingira. Wafadhili walituletea maswali yakiwa tayari: unakula nyama mara ngapi, unatupa chakula, unakula mboga za karibu kama sombe, yale majani ya muhogo? Wanafunzi wakajibu, na lo, tukawa wa kwanza kati ya vyuo vyote! Papa Néhémie, msimamizi wa utafiti, akatununulia soda.

Mama Célestine hakuigusa soda yake. “Hawa watoto hawakuchagua sombe,” alisema. “Mufuko njo uliwachagulia, hawana pesa ya nyama.” Akakataa kutia sahihi ripoti. Tulimbembeleza sana, maana mradi ule wa wafadhili ndio uliokuwa ukilipia makala, yaani mkaa wa kupikia, ya kantini. Wapi! Kwake yeye, kuita njaa wema ni uongo, na uongo haushibishi mtu.

Akaomba siku moja tu ya kuwapima upya. Akapika nyama ya ng'ombe, maharagwe, sombe na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, vyote bure, kila mmoja ajipakulie apendacho. Nyama iliisha kabla mchungaji wa chuo hajamaliza kubariki chakula. Sombe ikabaki imetulia kama mgeni asiyejulikana. Abigaël, wakati ule mwanafunzi na leo mwalimu mwenzetu, alijaza sahani mpaka ikamwelemea, akala nusu, akamwaga nusu. Anakubali mwenyewe, na bado tunamcheka.

Ripoti ya kweli ilituangusha karibu na mkia. Wafadhili wakaondoka. Mwaka ule tulichangishana makala, na wengine wetu tulimnunia waziwazi.

Yeye akaendelea. Aliwafundisha wanafunzi kuloweka maharagwe ili yasile makala, kufunika sufuria, kupakua kidogo na kurudi tena. Sombe yake ya mawese na ndagala iliwashinda hata wapenda nyama. Na kila mwaka alirudia kipimo chake, kwa chakula cha bure kilichotoka kwenye michango yetu na ya wazazi. Kukata tamaa, huyu mama hakujui.

Mwezi uliopita alipima kwa mara ya mwisho. Nyama iliisha tena, bila shaka, ila safari hii foleni ya maharagwe ilikuwa ndefu na ndoo ya mabaki ilikuwa nyepesi. Papa Néhémie alitaka kutangaza kwamba tumefanya vizuri sana, iwe zawadi ya kumuaga. Wanafunzi wenyewe ndio waliomkatalia. Wakaandika kwamba tumefika katikati, wakamletea Mama asome. Alilia, na kabla ya siku hiyo hatukuwahi kumwona akilia.

Mama Célestine, tunakushukuru kwa moyo wote. Pumzika salama na jamaa yako, Mungu akupe afya na miaka mingi. Mwakani karibu kantini, ule bure pamoja nasi. Lakini ukibakiza, Mama, tutaandika.