Daftari za Cirhuza Si Mali Yetu

Noël, Charlène, sogeeni hapa kwenye mkeka, wanangu, mnisikie mara moja, maana pumzi iliyobaki haitoshi kurudia. Nyumba yetu ya Bukavu analala humo mwanajeshi ambaye hatukujulishwa jina lake. Cherehani ni ya Charlène, baiskeli ya Noël, na mkigombania masufuria nitawacheka huko niendako. Lakini zile daftari tatu chini ya godoro si mali yetu.

Mnajua nilikuwa karani wa gereza. Mwaka wa tisini na tisa Cirhuza, aliyehukumiwa kufa kwa kumuua mfanyabiashara wa dhahabu, alinisimulia maisha yake nikayaandika, na hakuna siku aliyoacha kunikumbusha kwamba hakuua. Asubuhi waliyomchukua alinambia, "Karani, hizi ni za mutoto wangu Mathilde." Nikaapa, nikakimbia nazo hadi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Mwaka jana alipokuja yule bwana wa filamu kutoka Lilongwe, nilimpa azisome, kwa majivuno, kwa kuwa mwandiko ni wangu. Karatasi yake ilidai sahihi ya mrithi wa marehemu. Nikatia yangu, na mrithi mwenyewe, Mathilde, anauza mandazi hatua mia kutoka mlango huu. Yule bwana akasema Cirhuza asiyeua hana sinema, basi katika filamu wakampa bunduki. Mimi wakanivika joho nikacheza jaji, nikamhukumu mara ya pili, na nyinyi mkanipigia makofi.

Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Afisa wa usaili wa wanaoomba kuhamia ng'ambo aliiona filamu, akamuuliza Mathilde mbona alificha kwamba baba yake ni muuaji. Alipojibu kwamba ile ni sinema, afisa akaandika "maelezo yanapingana", na ofisi ikishaandika, hata malaika huombwa nakala. Safari yake ya ng'ambo imekwama hapo. Alinijia, wala hakunitukana. "Papa Balagizi," akasema, "baba hakuua muntu. We njo uliandika, we njo unajua." Kweli, mimi ndiye niliyeandika, nami nikamjibu nitaona. Nitaona! Nimewacheka maafisa maisha yangu yote, kumbe nami nimekuwa dirisha lao la kuambia watu njoo kesho.

Charlène, yaandike haya niliyosema, niyawekee dole gumba lingali na joto. Noël, kesho mpeleke Mathilde ofisini, hata kama ni siku ya kunizika. Maiti hana haraka. Nakala mkatoe mjini Dowa. Ofisi wapeni nakala, daftari zenyewe abaki nazo yeye, na asitoke mtu wa nyumba hii kudai chochote cha filamu ile.

Mungu awape macho ya kusoma kabla ya kutia sahihi. Awape... maji kidogo. Awape kuzikwa na watu wanaowajua. Nendeni mkamwite Mathilde. Amefika? Akae karibu, sioni vizuri. Mathilde, mwanangu, sikuombi unisamehe leo. Sikiliza tu, ukurasa wa kwanza naujua kwa moyo... "Mimi Cirhuza sikuua mtu. Nina mtoto mmoja, akicheka... hufunika mdomo kwa mkono. Jina lake..."