Mzee Nyongeza Naye Anapandishwa Ndege

Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Mzee Otmar Ndaki atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba ya utumishi katika Kampuni ya Minofu Bora hapa Geita. Anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini, meno yake yote, na tiketi ya ndege ya kwenda Uhispania. Uongozi umetuomba tuyaandike haya kwa furaha. Kwa upande wa umri na meno hatuna shida.

Alizaliwa Ushirombo katika familia ya wakulima wa karanga na wanakwaya, akarithi vyote viwili: anaimba sauti ya nne, na mfuko wake wa shati haukosi karanga. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akinunua sangara kwa wavuvi wa mwaloni Nkome na kuwapeleka kwa baiskeli hadi soko la Katoro. Wanaomkumbuka wanasema meza yake ilikuwa na foleni wakati meza za jirani zilikuwa na nzi. Samaki walikuwa walewale, wa ziwa lilelile. Tofauti ni kwamba ukinunua kwa Otmar, ukishalipa, anakuongezea kipande. Hakuulizi. Anakitumbukiza kwenye mfuko wako huku anaangalia pembeni, utadhani kimeanguka chenyewe. Wauzaji wenzake walimchukia kwa heshima zote. Herman, meneja wetu wa wakati huo, alipita pale akitafuta mtu wa kusimamia upakiaji. Akanunua samaki, akaongezewa, na kesho yake akarudi na ajira.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawaifahamu kazi yetu: tunanunua sangara Nkome, tunatoa minofu, tunaipanga na barafu kwenye maboksi ya povu, tunaipeleka kwa lori uwanja wa ndege Mwanza, na kutoka hapo inaruka kwenda nje ikiwa bado mibichi. Samaki aliyekuwa ziwani juzi anawekewa ndimu kwenye sahani ya mtu asiyejua Nkome iko upande gani wa dunia. Kazi hii yote inasimama juu ya uzito. Ndege inapangwa kwa uzito. Kila boksi linapimwa, uzito unaandikwa kwenye hati ya mzigo, na kinachopandishwa lazima kiwe ndicho kilichoandikwa. Rubani hana habari na ukarimu wa mtu.

Hili Mzee Otmar hakuwa ameambiwa, au aliambiwa akaliona jambo dogo. Katika mzigo wake wa kwanza, maboksi yalishapimwa na kuandikwa, yakabaki mbele yake yakisubiri kufungwa. Akayatazama. Yanakwenda kwa mtu mmoja, mgeni, wa mbali, aliyenunua kwa wingi kuliko mteja yeyote aliyewahi kumwona Katoro, na hakuna aliyemwekea hata kipande. Aliona aibu kwa niaba ya kampuni. Akaongeza mnofu mmoja juu ya kila boksi, akafunga, akaangalia pembeni.

Ieleweke kuwa mpimaji wa siku ile alipima sawasawa. Jambo hilo halikutajwa siku hiyo wala baadaye, kwa hiyo litajwe hapa.

Kule uwanjani mizani haikukubali. Maboksi yalikuwa mazito kuliko karatasi, na kwa watu wa mizigo ya ndege boksi zito kuliko karatasi ni boksi lenye kitu kingine ndani. Na kwa kuwa tulikuwa tunatoka Geita, kila mtu alijua kitu hicho ni nini. Maboksi yakafunguliwa moja baada ya jingine mbele ya askari, wakitafuta dhahabu, wakakuta samaki juu ya samaki. Masalu, kiongozi wa wapakiaji, alipoelewa kilichotokea alikaa chini kwenye toroli akacheka mpaka akaishiwa nguvu. "Wewe mtu wa Ushirombo," akamwambia, "unafikiri hapa ni gulioni?"

Minofu ya ziada ikatolewa kwa mkono, barafu inayeyuka, ndege inanguruma. Maboksi ya mwisho muda haukutosha kuyafungua. Yalipimwa upya, karatasi zikaandikwa upya, yakapanda na nyongeza yake tumboni. Mengine yaliachwa uwanjani. Siku ile wapakiaji walikula sangara wa daraja la kwanza, na Herman alirudi Geita bila kusema neno njia nzima, hata kwenye kivuko, mahali ambapo kwa kawaida hata bubu huongea.

Mteja wetu, ambaye ofisini tunamwita Bwana Valencia kwa jina la mji wake, alipiga simu. Alikuwa ameona minofu isiyo kwenye hesabu. Herman, ambaye tayari alikuwa ameamua kumfukuza Otmar, alimpa simu ajieleze mwenyewe, Elieth wa mapokezi akitafsiri. Sote tulisogea karibu na mlango. Wengine tulikuwa tumeshajua nani atakaa kwenye kiti chake.

"Mwambie kwetu mtu akinunua kwa wingi hatoki hivihivi," Otmar akasema. "Ile haikuwa hesabu. Ile ilikuwa adabu."

Elieth akatafsiri. Upande wa pili mzungu akacheka, na kilichofuata wote mnakijua. Badala ya kuhama, Bwana Valencia aliongeza oda. Tangu wakati huo kila mzigo unaokwenda kwake una boksi moja la nyongeza, limepimwa, limeandikwa, linatambulika kisheria, na Mzee Otmar akapata jina ambalo mteja hulitamka kwa Kiswahili katika kila simu: Nyongeza yupo? Nyongeza hajambo? Wapo watumishi waliopima kwa usahihi miaka yote hii ambao Bwana Valencia hajawahi kuuliza kama wapo.

Angekuwa mtu mwingine aliyefanya kosa lile, leo angekuwa kwao Bukombe anapalilia. Otmar alipewa adhabu tu. Herman aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo ataandamana na kila mzigo mpaka uwanjani, na haruhusiwi kuondoka mpaka aione ndege kwa macho yake ikiacha ardhi. Hapo ndipo apige simu ofisini.

Mtu wa kawaida adhabu humkondesha. Mwenzetu alinenepa. Wapakiaji walimtafutia kiti. Mama lishe wa pale nje, Lusia, alimwekea chapati za pembeni ambazo, bila shaka, zilikuwa na nyongeza. Alijua watoto wa kila mpakiaji kwa majina na ng'ombe wao kwa rangi, na asubuhi alisalimiana nao "mwangaluka" kwa urefu wote wa salamu ya Kisukuma, ukoo kwa ukoo, wakati sisi huku tunanuka matumbo ya sangara. Na kwa kuwa alikuwa palepale, mzigo wetu haukuachwa tena. Ndege ikijaa, unaoachwa kwanza ni ule ambao mwenyewe hayupo. Tulipewa tuzo ya usafirishaji mara mbili kwa sababu ya mtu aliyekaa kwenye kiti akila chapati. Tuzo zote mbili ziko kwenye kabati la vioo, na picha iliyobandikwa ni yake.

Mjini nako hawakumwacha. Bodaboda wa Geita waliamini kwamba mtu mwenye safari za uwanja wa ndege kila wiki hawezi kuwa na samaki peke yake. Walimwita bosi, walimuuliza mawe ameyaficha kwenye barafu ya boksi gani, na wanunuzi wawili wa dhahabu walimwamkia shikamoo ilhali wanamzidi umri. Yeye aliitikia marahaba na kuwapa karanga.

Lakini kitu ambacho tulimwonea kijicho kuliko vyote ni neno lile. Ndege ikishaacha ardhi, simu ya ofisi inalia, na Mzee Otmar anasema neno moja tu: "Imenyanyuka." Hapo visu vinawekwa chini. Watu wa barafu wanazima mashine, Elieth anachukua mkoba wake, siku imekwisha. Kampuni nzima, watu zaidi ya mia, tulikuwa tunasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Alipougua malaria alitumwa mwingine, na huyo mwingine alijiandaa njia nzima jinsi atakavyolisema. Mvua ikanyesha, ndege ikaahirishwa mpaka kesho yake, na kesho yake Mzee Otmar alikuwa amepona.

Mwezi Februari Bwana Valencia, ambaye naye amezeeka, alisikia kwamba Nyongeza anastaafu. Akatuma tiketi ya kwenda na kurudi ili aje aone samaki wake wanafikia wapi, akaongeza kwamba kama Mzee hataweza, basi ofisi imteue mtu mwingine wa idara ya usafirishaji, mradi kampuni ije. Ikumbukwe kwamba mwezi Machi watumishi watatu wa idara hiyo walikata pasipoti bila kuwa na safari yoyote inayojulikana.

Tulikuwa na sababu ya kutumaini. Mtu huyu aliyerusha sangara wa ziwa zima hajawahi kukanyaga ngazi ya ndege, na ilidhihirika haraka kwamba hataki. Alisema ana shamba. Alisema goti. Mwishowe alikiri kwamba ameona mengi mno: ameona mizigo ikiteremshwa dakika ya mwisho kwa sababu ya uzito, naye ni mtu wa kilo tisini, na je, huko juu wakigundua wamekosea hesabu? Tulimweleza kwamba abiria hawateremshwi wakiwa angani. Lazima tuwe wakweli: hatukumweleza kwa sauti kubwa. Mmoja alimsimulia habari za mtikisiko wa mawingu kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Mwingine alimkumbusha goti. Kila Jumatatu meneja alimuuliza kama ameamua, na kila Jumatatu tulikuwa karibu na mlango.

Siku ya mwisho ya kujibu, alikuja ofisini na mkewe, Mama Scolastika, amesuka nywele na amebeba kikapu. Mzee Otmar alishaanza kusema kwamba anawashukuru sana, ila safari hii apewe kijana. Hapo alimtazama kwa upole mtu fulani wa mizani, ambaye moyo wake ulisimama. Mama Scolastika hakupandisha sauti.

"Baba Denis," akasema, "sangara wa Nkome wameenda wote bila kuulizwa. Wewe umeulizwa."

Mzee Otmar akaangalia pembeni kwa muda mrefu, vilevile alivyokuwa akiangalia pembeni Katoro. Kisha akamwambia meneja aandike jina lake. Mama Scolastika akaweka kikapu mezani: kilikuwa na michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, zawadi ya Bwana Valencia. Haiwezekani mtu aende kwa mteja wa miaka yote hiyo mikono mitupu. Kisha akachota konzi moja akamwekea yule wa mizani kwenye karatasi, bila kumwangalia.

Ni michembe mizuri. Imeliwa.

Safari ni Jumamosi baada ya sherehe hii. Begi lake tulilipima jana kwenye mizani ya kampuni, na wasomaji watakuwa wamekisia: limezidi. Limezidi kwa michembe tupu. Tulipomwonyesha, alisema ni kidogo tu, ni adabu. Mpimaji alipima sawasawa, akaandika uzito wenyewe, na kampuni imekubali kulipia ziada, ili pasitokee tena mtu wa kufunguliwa mzigo mbele ya askari akitafutiwa dhahabu.

Uongozi na wafanyakazi wote wanamshukuru Mzee Otmar kwa wateja aliowaweka, kwa mizigo ambayo haikuachwa, kwa karanga, na kwa kuchelewesha siku zetu kwa subira mpaka awe na hakika. Wanamshukuru pia Mama Scolastika kwa kutuazima mumewe muda wote huu, na kwa sentensi moja ambayo baadhi yetu tutaisamehe taratibu.

Kwa agizo la meneja, mwandishi wa wasifu huu ndiye atakayemsindikiza Mwanza. Daraja lipo siku hizi, hakuna kisingizio cha kivuko. Nitakaa kwenye kiti chake. Masalu ameniahidi hivyo, na Lusia ameulizwa kuhusu chapati. Sitaondoka mpaka nimeona kwa macho yangu magurudumu yameacha ardhi, kwanza kwa sababu ndiyo kanuni yetu, pili kwa sababu pasipoti yangu itakuwa mfukoni na binadamu hubadili mawazo hata kwenye ngazi. Ila asipobadili, nitapiga simu ofisini. Elieth ataweka simu kwa sauti, kila mtu asikie. Na neno lile nililolitamani miaka yote hii nitalisema polepole, mara moja, na kwa ajili ya mzigo mmoja tu.

Maisha yako mapya, Mzee Nyongeza, yawe mema, na yazidi yale yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Luka Mabula
Mizani, Idara ya Usafirishaji