Shuka Kati ya Danang na Wening

Kijiwe cha kahawa cha Bu Tarmi, yaani Mama Tarmi, kiko nyuma ya soko la Delanggu: benchi moja la mianzi, jiko la mkaa na birika lisilopoa. Hapo hakuna mada ndogo. Juzi tu walibishana mpaka wakanuniana, eti bata akilala anaota au haoti. Asubuhi hii mada ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa kajiinamia katikati ya benchi, kahawa imempoa mkononi: Danang, fundi wa pampu za maji, bwana harusi wa Jumapili ijayo.

Kijana alikuwa kajikoroga mwenyewe. Alitaka ile picha ya wachumba inayosimamishwa mlangoni pa ukumbi, wageni wajue wameingia harusi ya nani, na aliitaka ipigwe katikati ya mpunga ulioiva, wote wawili wamezama kwenye dhahabu. Wening, mchumba wake, aliisubiri picha hiyo kuliko hata nguo ya harusi. Basi Danang akangoja mpunga uive. Mpunga ulipoiva, Wening naye akawekwa ndani, kama ada inavyotaka, na wachumba wasitiane tena machoni mpaka siku yenyewe. Bibi yake Wening, Mbah Sumirah, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki, hakumung'unya maneno: wakikutana tu, yeye hakai kwenye kiti cha wazazi. Danang aliwaza kiti kile kikiwa kitupu jukwaani, Wening kasimama pembeni yake kama mtoto asiye na kwao, na akaogopa kwelikweli.

— Sasa tatizo liko wapi? aliuliza Fleshi, mpiga picha wa mtaa, mwenye kamera moja na maringo ya kamera kumi. Nampiga yeye kivyake, nakupiga wewe kivyako, kompyuta inawaunganisha.

— Kama ulivyomuunganisha binamu yangu? Danang alisema. Bibi harusi kashikwa kiuno na mikono mitatu. Mpaka leo mashemeji wanauliza huo wa tatu ni wa nani.

Fleshi akasingizia umeme. Hapo akaingia Jenerali, mzee aliyeongoza magari kwenye maegesho ya soko maisha yake yote na filimbi bado anayo shingoni. Yeye alishauri wavae helmeti, vioo vimeshushwa, picha iitwe "Mapenzi Barabarani". Alipoona hawashtuki, akapandisha dau: wavae kama mfalme na malkia wa kale, wapande nyati wawili, mmoja atazame kaskazini na mwingine kusini.

— Nyati nitawatoa wapi, Pakde? Danang alimuuliza mzee.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inahusiana nini na nyati?

— Wapate kwanza, utaelewa ukiwa juu.

Wala hakuishia hapo. Wavikwe sanda, alisema, kuanzia utosini hadi unyayoni, wasimame mpungani kama mizimu inayopendana, maana mzimu haumwoni mtu. Bu Tarmi akamchapa begani kwa kipepeo cha kupepea mkaa, akamkumbusha kwamba hiyo ni harusi.

— Nyie watu mnachosha, alisema mama wa watu, huku anageuza tempe, vile vipande vyake vya soya, kwenye mafuta. Mchezo wa vivuli tunaukodolea macho usiku kucha, na waliomo nyuma ya pazia hakuna anayewaona. Tundikeni shuka.

Papo hapo kila mtu akadai hilo ndilo alilokuwa akitaka kulisema. Ubishi ukahamia kwenye sheria: kuona kivuli cha mtu ni kumwona? Jenerali akahukumu kwamba kuonana ni kazi ya watu wawili, na kivuli hakina macho. Tena shamba la Mbah linaanzia mlangoni pa jiko lake, kwa hiyo Wening atakuwa hajatoka nyumbani. Danang hakuamini hata nusu ya hayo. Lakini mashine ya kuvuna ilikuwa inakuja keshokutwa, na kesho asubuhi Mbah angekuwa sokoni. Akakubali.

Basi kesho yake kijiwe kizima kikahamia shambani, benchi, birika, tempe na mdomo. Shuka jeupe likafungwa kwenye mianzi miwili. Danang akasimama upande wa jua, Fleshi na kamera yake upande wa pili, na Wening akatoka jikoni taratibu, akasimama upande wa kamera, karibu na kivuli cha mchumba wake. Danang hakuona kitu ila shuka, kisha vidole vikalisukuma kutoka ng'ambo. Akaweka kiganja chake hapo. Joto la mkono wa Wening likapenya pambani, na Danang akajua jinsi alivyokuwa na hamu naye. Kila mara sikio la Danang lilipochungulia pembeni mwa shuka, Jenerali alipiga filimbi na kumrudisha nyuma kama lori.

Mara filimbi ikakatikia katikati. Mbah Sumirah alikuwa amesimama kwenye tuta na kikapu kitupu, karudia mkoba aliousahau. Kiti kitupu kikamjia Danang machoni palepale.

Bibi akalizunguka shuka, akalivuta pembe kuona kama limekaza.

— Hawajaonana?

— Hata ukucha, Mbah, Jenerali akaapa. Ada tumeibeba kama yai.

Mbah akaitikia kwa kichwa, karidhika, akakaa benchini, akapokea kahawa. Danang akashusha pumzi.

— Vizuri, alisema bibi. Ila nielezeni jambo moja, mimi mzee sikusoma. Yule kijana anayejaa kwenye simu ya mjukuu wangu kila jioni, meno yote nje, mara amwonyeshe kuku wake, mara amwonyeshe anachokula, yule ni nani?

Danang akatazama vidole vya miguu yake. Fleshi akaifuta lenzi iliyokuwa safi. Jenerali akapiga filimbi kulirudisha nyuma lori lisilokuwepo. Nyuma ya shuka Wening alibanwa na kicheko mpaka mianzi ikatikisika.

Mbah akamaliza kahawa, akayaacha machicha.

— Fikirini taratibu, alisema. Ila jibu nilipate kabla ya Jumapili. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha wazazi, na watu wakiniuliza sitaki nionekane sijui.