Mzee Mstari: Mita Mbili na Sentimita Kumi

Mzee tunayemzika leo, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Mstari, alizaliwa tarehe 10 Machi 1953 katika mtaa wa chini, nyumba ya nne kutoka darajani. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mkewe. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ngazi mbili chini ya barabara. Alipenda kusema kwamba alijua kupima kabla ya kujua kusoma, kwa sababu kila mvua iliponyesha baba yake alimtuma mlangoni: "Hebu tazama, yamefika ngazi ya ngapi?"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo kuanzia mwaka 1960. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba ubao umepinda. Alichapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu. Kesho yake darasa lilimkuta mwalimu yuleyule amepanda juu ya kiti, ana kamba na nyundo, anaunyoosha ubao. Hakuna aliyeomba radhi, wala marehemu hakudai. Alimaliza sekondari mwaka 1971, akaenda chuo cha upimaji ardhi, na mwaka 1975 akaajiriwa na manispaa kama mpima msaidizi. Alistaafu mwaka 2013 akiwa mpima mkuu.

Tarehe 21 Aprili 1979 mto uliingia mtaa wa chini na kuua watu sitini na mmoja. Maji yalipopungua, mkubwa wake wa kazi alimkabidhi kopo la rangi nyekundu na brashi, akamwambia aweke alama kwenye kila ukuta mahali maji yalipofikia. Alichora mistari kwenye kuta mia mbili na kumi na nne. Mshona viatu mmoja alimjia juu.

"We kijana, unanichafulia ukuta! Nimepaka chokaa juzi tu."

"Aliyechafua ni mto, mzee wangu. Mimi naandika alipofika."

"Basi andika kwako!"

"Nimeanzia kwangu."

Na kweli alianzia kwake, nje na ndani ya sebule ya wazazi wake. Mstari ulikuwa mita mbili na sentimita kumi kutoka sakafuni. Tangu hapo, kila mwaka alichukua likizo yake na kuirudia mistari yote kwa rangi aliyonunua mwenyewe. Watu waliifunika kwa makabati na kalenda. Watoto walijipimia urefu kwa mistari hiyo, na aliyeufikia kwa mkono alitangaziwa mtaani kuwa sasa ni mtu mzima. Manispaa ilikuwa na sheria ya kutojenga nyumba ya kuishi chini ya mstari. Sheria hiyo ilikaa kwenye faili, na vibali viliendelea kutolewa kwenye meza ya pili kutoka meza yake. Alilalamika kwa maandishi mara kumi na saba. Hakujibiwa.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea kutoka bara ya mbali, mahali ambapo maji huchotwa kisimani na mto hausikiki. Mama yule alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuimba hata anapogomba. Ile mvua ya mwaka 1979 aliisikia kwa masimulizi tu. Mwaka 1984, walipokuwa wakisubiri mtoto wa kwanza, alimwekea mumewe chai mezani na kumwambia:

"Baba, wageni watakuja kumwona mtoto. Wakae hapa wanatazama walipofia watu?"

"Ni mstari tu, mama."

"Ungekuwa mstari tu usingekosa usingizi kwa ajili yake. Uache huko nje, uwatishe wapita njia. Humu ndani niachie mimi."

Marehemu alicheka, akapaka rangi ya maziwa sebule nzima. Ule wa nje aliendelea kuurudia kila mwaka. Wa ndani hakuugusa tena. Familia inalisema jambo hili hadharani kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisemwe. Mtu aliyewakatalia wengine mia mbili na kumi na tatu kufuta mistari yao aliwapendelea wa kwake, na aliita hilo upendo. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, na hilo halimpunguzii kosa.

Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2019, saa nne, mto ulirudi. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Alichukua filimbi na kupita mlango kwa mlango akiwahimiza watu wapande barabara ya juu. Kwenye kona ya kinyozi, jirani mmoja alimuuliza, "Na mama watoto je?" Akajibu, "Yule anaishi na mimi. Anajua."

Hakujua. Mkewe alikutwa sebuleni kwake, amekwisha kufa. Alikuwa amekunja mazulia, ameweka redio juu ya kabati, na yeye mwenyewe amepanda juu ya meza ya chakula kungoja maji yapungue. Meza ile ilikuwa na urefu wa sentimita sabini na sita. Pale ukutani, chini ya rangi ya maziwa, kulikuwa na jibu la swali alilokuwa akijiuliza pale juu ya meza. Siku hiyo walikufa watu mia moja na tisa. Maji yalivuka mstari wa zamani kwa robo mita.

Tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo baraza lilikutana katika ukumbi wa shule kuamua kama mtaa wa chini ujengwe upya au watu wahamishiwe mlimani. Mhandisi alileta picha ya ukuta wa mto, mrefu, mzuri, wenye miti juu yake. Marehemu alisimama akasema usijengwe. Alisema ukuta utawapa watu usingizi, na usingizi ndio ulioua. Muuza samaki alimkatiza:

"Huko mlimani nitamuuzia nani samaki, baba? Mawe?"

Ukumbi ukacheka. Marehemu naye akatabasamu, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. Kisha muuza mbao akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mzee, kama palikuwa pabaya hivyo, mkeo ulimweka pale wa nini?"

Kicheko kilikatika. Marehemu akasema, "Ndiyo maana nawaambia," akaketi. Kura zilikuwa ishirini na saba kwa tano. Mtaa ulijengwa. Ukuta wa mto haujajengwa hadi leo.

Alihamia kwa mwanawe wa kiume, barabara ya juu. Mapafu yake hayakupona tangu siku ile aliyoshinda majini, na mwaka 2022 moyo nao ulianza kuchoka. Januari mwaka huu binti yake na mkwewe walianza kujenga kwenye kiwanja cha wakwe, nyumba tatu kutoka pale mama alipofia. Wana watoto wawili, kodi ya barabara ya juu imewashinda, na duka lao liko huko chini. Marehemu hakuwagombeza. Alipolazwa mwezi Oktoba aliuliza kila siku:

"Mmefika wapi?"

"Linta, baba, juu ya milango na madirisha. Pumzika."

"Linta iko chini ya mstari."

"Baba, najua."

"Mama yako nilidhani anajua."

Siku tatu kabla ya kufa hakuomba tena wahame. Aliomba jambo moja dogo: wapime kwa mstari mpya, wa maji ya mwaka 2019, wachore ukutani katika chumba cha watoto, na wasitundike kitu juu yake. Binti alimwahidi, akalia. Marehemu akamwagiza mwanawe alete kopo jipya la rangi nyekundu. Alifariki tarehe 6 Novemba 2023, saa tisa alasiri, kopo likiwa chini ya kitanda chake.

Chumba cha watoto kilipigwa lipu juzi na kupakwa rangi jana, ili waombolezaji wapate pa kukaa. Kimepakwa rangi ya maziwa. Binti alipoulizwa, alijibu kwamba mtoto mdogo anaogopa. Kopo halijafunguliwa. Liko hapa, pembeni ya jeneza, na yeyote mwenye mkono wa kulishika anaruhusiwa.

Marehemu ameacha binti mmoja, mwana mmoja, mkwe, wajukuu wawili wenye umri wa miaka saba na minne, dada yake mdogo, na mistari mia mbili na kumi na minne ambayo haina tena wa kuirudia. Kwa agizo lake tunamzika mlimani.

Alale kwa amani, mahali pakavu.