Mama Aliyefagia Uwanja Mbele ya Moto

Mwaka ule wa moto, elfu moja mia tisa arobaini na nane, kijiwe cha karibu na Sake kilihama. Zamani kilikuwa gogo kando ya njia. Mto wa moto kutoka mlima Nyamulagira ulipoifunika njia na kuganda kuwa jiwe jeusi, wenye gogo walilisogeza hadi ukingoni mwa jiwe, maana miezi ilikuwa imepita na tumbo la jiwe lilikuwa bado na joto. Mvua ikinyesha, lilifuka moshi mweupe. Katika ufa mmoja walitia birika la kahawa, likachemka bila kuni. Hapo ndipo Théophile alipokuja kuketi Jumamosi moja mchana, na hakufuata kahawa.

Kesho yake binti yake mchanga angebatizwa. Alitaka kumpa jina la mama yake yeye mwenyewe, Pétronille, naye Pétronille alikuwa chini ya jiwe hilo hilo. Kijiji kilipokimbilia kilimani, mama huyo alipanda pamoja na wengine, kisha akashuka peke yake. Walimwona toka juu akifagia uwanja wake, huku moto ukija polepole kama ng'ombe wanaokula njiani. Théophile alimwita mpaka sauti ikakatika. Wanaume walimshika asishuke. Mama hakugeuka. Sasa shangazi yake, Verdiane, alikuwa amekataa katakata: jina la mtu aliyejiua halipewi mtoto, litamvuta.

— Wakaka, museme kweli, akasema Théophile. Mama yangu alijiua, ao hakujiua?

— Alijiua, akajibu Damien. Walimwita Latini, kwa kuwa alifukuzwa seminari akatoka na amri kumi na wimbo mmoja wa Kilatini. — Uzima iko ya Mungu. Muntu hawezi kuirudisha mbele ya kuitwa.

— Na wale watakatifu wenye waliingia mu moto wakiimba? akauliza Barthélemy, mwindaji wa Walikale. Huyo jina lake lilikuwa Bunduki, ingawa aliwinda kwa nyavu.

— Wale walisukumwa.

— Hata yeye, moto ilimusukuma.

— Moto ilikuwa mbali! Alishuka na miguu yake!

— Latini, kunywa kahawa. Mu pori yetu tembo muzee anaacha wenzake, anaenda mahali anajua. Hakuna muwindaji mwenye anasema ile tembo ilijiua.

— Mama yangu si tembo, akasema Théophile.

— Pole, kaka. Nilitaka kumusifu.

Hilaire, aliyeitwa Gazeti, alikuwa akingoja zamu yake kwa shida.

— Nyinyi wote munapotea. Mulima ile ndo kwao ya wafu. Bwana yake alikufa mwaka moja mbele ya moto kuja, si vile? Basi ile haikuwa moto. Ni bwana yake alirudi kumuchukua. Mwanamuke anafagia uwanja wakati bwana anarudi safari.

Wote wakalitazama jiwe. Hata Latini alikunja miguu.

— Kama ni vile, hakujiua, Bunduki akasema taratibu. Aliolewa mara ya pili.

— Na mahari? akauliza Latini.

— Moto ilikula mbuzi zote za Gazeti. Ndo mahari hiyo.

— Mbuzi zangu zisiingie mu arusi ya watu! Gazeti akafoka. Tena, nani aliona maiti? Mi nasikia kule Kirotshe kuna mama anauzisha mihogo, anafanana naye sana.

— Papa Hilaire, mi niliona, Théophile akasema. Niliona uwanja iko safi. Kisha sikuona uwanja.

Latini akazungusha kikombe chake mkononi.

— Mi naogopa ile ufagio kuliko moto, akasema. Pengine moyo yake ilikuwa inagonjwa, na sisi tulikuwa tunamusalimia tu, tunapita. Naamini Mungu haangalii mugonjwa sawasawa muntu muzima.

— Nani alikufundisha vile? akauliza Bunduki.

— Ile somo ilikuwa ya mwaka wa kufuata. Walinifukuza mbele ya kuifikia.

Mama mmoja aliyebeba samaki toka Kirotshe alikuwa ametua kikapu chake na kupasha mikono kwenye ufa. Aliitwa Drocella, kijiweni hapo hakuwa amewahi kuketi.

— Na jina yenyewe munagombania ndo nani?

— Pétronille, akajibu Latini.

— Ile ni ya batisimu, padri alimupa akiwa muntu mukubwa. Nauliza yenye mama yake alimuitaka nayo.

— Sisi tulimuitaka Mama wa Mpofi, akasema Bunduki, juu ya vile alikuja arusi kutoka kule, mu pori yetu ya Walikale.

— Mama Théophile, Latini akanong'ona.

Wakamgeukia mwana. Kwao mtoto hatamki jina la mzazi wake, na baba alikuwa akimwita “wewe wa Mpofi”. Théophile alitafuta, akatafuta tena. Kinywani mwake hamkuwa na kitu isipokuwa Mama. Kahawa ikafurika, ikachachatika juu ya jiwe, na hakuna aliyeinua birika.

Akaweka kiganja chake juu ya jiwe. Lilikuwa na joto kama mgongo wa mtu aliyelala.

— Bunduki, njia ya Mpofi inaanzia wapi?

— Iko mbali, kaka. Na batisimu ya kesho?

— Padri atangoja.

— Na shauri ya kujiua?

— Nayo itangoja. Nitamuhukumu namna gani, na sijui kumuita?

Bunduki akamwaga masalio ya kahawa yake, akainuka.

— Pori itakupoteza peke yako. Twende.

Théophile alikuwa bado amechuchumaa.

— Siku ile pale juu, akasema, nililia “Mama! Mama!” Akina mama wote wa kilima waligeuka kuniangalia; wangu tu hakujua ni yeye.