Matunda Manne ya Mpugu

Sogeeni, wanangu, wewe Nurdin na wewe Zulekha, kaeni mkekani mnisikilize wakati pumzi ningali nayo, na hiyo simu, Nurdin, izime. Nyumba hii ya marehemu baba yenu mmekubaliana na mjenzi aivunje lipande ghorofa, nami sikatazi, maana Kariakoo ya leo nyumba za chini zimebaki za kuhesabu. Langu ni kile kichaka cha uani, mpugu.

Jina hilo alikipa mama yangu, kwa kuwa alikichimba msituni Pugu akaja nacho amekifunga kwenye kanga. Maafisa misitu waliokuja juzijuzi walisema hakioti pengine popote ila vilima vile, na huko wamekitafuta wasikione. Mimi kwa maua yake nimewatungia vikuba vya kubandika kifuani maharusi wa mtaa huu miaka arobaini, na ua la kikuba huchumwa jioni likiwa bado tumba. Sikubakisha hata moja. Nikawa nawaambia watu mpugu wangu hauzai, kumbe mimi ndiye niliyeunyima kuzaa.

Na hili nalo nilitoe. Sophia, mama yenu mdogo, aliniomba kitawi akapande kwake Kigamboni. Nilimpa, lakini kwanza nilikichovya kwenye maji ya moto. Wivu tu, nilitaka maharusi waje kwangu peke yangu. Kikafa, akaja kunililia kwamba mkono wake una nuksi, nami nikampa pole. Naona haya mpaka leo.

Nipe maji, Zulekha... basi, yatosha.

Tangu nilale hapa hakuna aliyechuma. Jana mliponitoa uani nikaona matunda, manne, bado mabichi. Mjenzi msimpe ufunguo mpaka yaive. Zulekha, harusi yako itapita bila kikuba cha mpugu, nisamehe mwanangu, vaa asumini. Yakiiva mpelekeeni Sophia yote manne apande mbegu zake, mwambieni mkono wake haukuwa na nuksi, na mwambieni nilichofanya, msinipambie.

Radhi zangu mnazo nyote wawili, Mungu awape kizazi chema na maelewano... Za Sophia kwangu mimi sinazo. Mkishamwambia, msiondoke upesi, mngojeeni. Akisema neno, lolote... njooni mniambie, hata kama nimeshazikwa.