Lesian Lukumay, Mtu wa Nyuma

Tarehe 30 Juni, 2025, Bwana Lesian Lukumay anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya utalii hapa Sekei kwa miaka ishirini na nane, karibu yote akiwapeleka wageni kwenye Hifadhi ya Taifa ya Visiwa vya Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Sisi wengine tulizoea kuuza Serengeti. Mteja aliyempigia Lesian akiulizia simba alikata simu akiwa ameshakubali kwenda kuwatafuta sokwe na tai furukombe.

Si kwamba alizaliwa majini. Alikulia Olmotonyi akichunga ng'ombe wa baba yake, na maji makubwa aliyoyajua ni ya mto wakati wa masika. Safari zake za kwanza alibeba dumu la loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, kutoka nyumbani, maana kwao samaki hakuwa chakula. Siku moja dumu lilipinduka ndani ya boti, loshoro yote ikaishia miguuni mwa wageni, na njaa ikamkalisha mbele ya sato wa kukaanga. Alianza kwa kufumba macho. Leo ukikaa naye meza moja, kichwa cha sato kisahau.

Kilichomletea matatizo ni ile tabia ya kuchunga. Msituni, askari wa hifadhi hutangulia na bunduki, na kiongozi wa wageni humfuata. Lesian hakutaka. Alitembea nyuma kabisa, fimbo begani, akimpigia mluzi kila aliyezubaa, na maelezo yake aliyatoa waliposimama. Wageni wakalalamika kwamba wamelipia kiongozi lakini hawamwoni. Meneja wetu, Bwana Stanley, akamwambia wazi kwamba akirudia atahamishiwa ofisini moja kwa moja. Lesian, ambaye dawati analiogopa kuliko chatu, aliuliza kwa upole aliyeko mbele atajuaje nani amebaki. Kisha akaenda Rubondo, akatembea nyuma.

Safari hiyo alikuwamo Mzee Hans, Mjerumani wa miaka sabini na kitu, aliyesimama kwa kila kipepeo. Tembo waliposikika wakivunja matawi karibu, askari aliwaondoa wageni haraka kuelekea ufukweni. Hans, ambaye masikio yake hayakuwa mazima, alikuwa ameinama na kamera yake nyuma ya mti. Lesian alimshika bega, akamketisha, wakatulia pamoja mpaka tembo wakavuka njia, pale pale ambapo Hans angekuwa anatembea peke yake. Kwenye boti, mke wa Hans alimkumbatia Lesian akilia mpaka kofia ikadondoka. Tangu hapo kila msafara wetu una mtu wa nyuma. Bwana Stanley mwenyewe ndiye aliyetangaza utaratibu huo, na kwa moyo mkunjufu.

Mwezi huu tulikwenda naye safari yake ya mwisho. Anjela, ambaye Lesian mwenyewe alimfundisha kazi na sasa anachukua nafasi yake, alimwomba atembee mbele. Lesian aligeuka nyuma mara nyingi mno hata akajigonga kwenye tawi, na askari akacheka kuliko sisi. Ufukweni alisimama pembeni kama kawaida, kuhakikisha kila mtu amepanda. Wa mwisho kutoka msituni alikuwa Anjela, fimbo begani, akipiga mluzi. Mzee akamtazama, akapanda boti bila kutuhesabu. Wengine wetu tulijifanya tunatazama ndege.

Asante, Mzee Lesian. Tunakupenda, na tunakutakia maisha mema, wewe na mkeo Mama Naeku na ng'ombe wenu wa Olmotonyi. Pita mbele sasa, wala usigeuke. Nyuma tupo sisi.